Ulinganisho: riwaya za mapenzi za kihistoria zenye vichimbakazi, nianze na ipi?

BintiMtendeni

Habari za jioni wanajamvi. Natafuta riwaya ya mapenzi iliyokaa ndani ya historia, yenye wafalme, vita na nguo za zama zake, halafu wawemo vichimbakazi wa Kizungu. Sitaki wale wadogo wenye mabawa wanaochorwa kwenye madaftari ya watoto. Nataka wale wa hadithi za kale za Scotland na Ireland: wazuri wa kutisha, hawasemi uongo ila hawakwambii ukweli wote, chuma kinawadhuru, na ukila chakula chao ndiyo basi tena, nyumbani hurudi.

Mpaka sasa nina majina manne:

*Half a Soul*, Olivia Atwater (2020)
*Emily Wilde's Encyclopaedia of Faeries*, Heather Fawcett (2023)
*Jonathan Strange & Mr Norrell*, Susanna Clarke (2004)
*Sorcerer to the Crown*, Zen Cho (2015)

Mwezi huu mfuko unaruhusu kimoja tu, na sitaki kununua kwa kuangalia jalada. Waliosoma zaidi ya kimoja walinganishe. Mtu akija kuniambia "vyote ni vizuri" nitamwomba apite kimya kimya.

Mpiga_Zumari

Dada, kwanza amua kama mapenzi unayataka yawe ugali au yawe chumvi.

Kwenye *Half a Soul* mapenzi ndiyo ugali wenyewe. Theodora Ettings, wanamwita Dora, aliibiwa nusu ya roho na kichimbakazi akiwa mtoto. Kilichomwokoa asichukuliwe yote ni binamu yake Vanessa, aliyemchoma yule bwana kwa mkasi wa kudarizia. Tangu siku hiyo Dora haoni hofu wala aibu kama watu wengine, na furaha yake nayo inamjia kwa mbali. Sasa mchukue binti wa namna hiyo umpeleke London kwenye msimu wa dansi, enzi za Regency, mwanzoni mwa karne ya 19, ambako msichana akicheka kwa sauti tu anapoteza mchumba. Huko anakutana na Elias Wilder, mchawi rasmi wa Uingereza, mtu wa ulimi mkali kuliko pilipili kichaa. Kuanzia hapo unajua tunakoelekea, na raha ni kutazama watakavyofika.

Kwenye Clarke mapenzi ni chumvi. Yapo, yanauma, lakini kuna kurasa nyingi sana huyaoni. Kitabu kinaanza mwaka 1806, kinapita kwenye vita vya Napoleon hadi Waterloo, na kina tanbihi ndefu ambazo nyingine ni hadithi kamili. Anayetafuta busu atachoka. Anayetafuta vichimbakazi wa kumnyima usingizi hapati bora zaidi.

Mla_Senene

Wakuu, hivi mtu ametoka Tanga, amekua akisikia habari za jini mahaba kila wiki, leo anatoa hela kusoma jini mahaba wa Kiingereza? 😂

BintiMtendeni

Mla_Senene, wa kwetu hawajaandikiwa kurasa 300 wakinywa chai na wakwe. Wakiandikiwa, wa kwanza kununua ni mimi.

Mwl_Kisiwani

Mla_Senene kachokoza, lakini kagusa jambo. Msomaji wa pwani anaingia kwenye vitabu hivi akiwa na mtaji. Kiumbe asiyeonekana anampenda mtu, anamkosesha ndoa, anamjia usiku, anataka masharti yake yatimizwe. Hayo bibi zetu wameyazungumza sana. Hata chuma si kigeni. Kwetu wazee huweka kisu au mkasi chini ya godoro la mtoto mchanga, na Vanessa alipochomoa mkasi wake mimi sikuhitaji kuelezwa.

Tofauti naiona kwenye sheria. Kichimbakazi wa Kiingereza ni mtu wa mikataba. Hakuvamii hivi hivi, anasubiri utamke neno. Ukisema asante ovyo umekopa, ukimpa jina lako umejifunga. Ndiyo maana anaoana vizuri na riwaya za mapenzi za zama zile, maana ndoa nayo ilikuwa mkataba unaomeza mtu. Kabla ya sheria za mwaka 1870 na 1882, mwanamke wa Uingereza akiolewa, mali yake karibu yote ilikuwa ya mume. Msichana aliyezoea kupimwa kwa mahari na ukoo wake akikutana na bwana wa chini ya kilima anayemwambia "nipe nusu ya uhai wako", haoni ajabu kubwa. Ameshasikia posa zenye masharti mabaya kuliko hayo.

Kwa hiyo kipimo changu kwenye orodha yako ni kimoja: mkataba una bei ya kweli, au ni pambo la kuwakutanisha wapenzi?

Kwa kipimo hicho Clarke anashinda. Mchawi Bwana Norrell anamfufua mchumba wa Sir Walter Pole kwa msaada wa kichimbakazi mwenye nywele kama sufi ya mbaruti. Malipo ni nusu ya uhai wa msichana. Norrell anadhani ni ile miaka ya uzeeni. Kumbe mwenzake anahesabu usiku: kila usiku Lady Pole anapelekwa kwenye jumba liitwalo Lost-hope kucheza dansi mpaka alfajiri, na mchana akitaka kusema yanayompata, kinywa kinatoa hadithi zisizo na kichwa wala miguu. Watu wanasema ana wazimu. Nimewahi kuwaona wanawake wa namna hiyo, na si kwenye vitabu.

Half a Soul inakuja ya pili. Roho iliyokatwa inabadilisha kweli jinsi Dora anavyopenda, halikuwekwa kwa urembo.

Nyambura_K

Naona Emily Wilde amerukwa hapo juu, na mimi ni wake kabisa. Wacha nimtetee.

Kitabu chote ni shajara. Emily ni msomi wa Cambridge, mwaka ni 1909, anaenda kijiji cha Hrafnsvik kwenye baridi kali kufanya utafiti wa vichimbakazi wa huko ili amalize ensaiklopidia yake. Hajui kuongea na watu. Wanakijiji wanamkasirikia siku za kwanza tu, na mbwa wake Shadow ana adabu kumliko. Halafu anajitokeza Wendell Bambleby, mwenzake wa chuoni, mtanashati, mvivu, anayependwa na kila mtu, na Emily ana tuhuma zake kuhusu asili ya huyo jamaa. Sisemi zaidi.

Kinachonifurahisha ni kwamba mapenzi yanatokea ndani ya kazi. Wanabishana kuhusu mbinu za utafiti na nani ataandikwa kwanza kwenye karatasi ya mkutano. Yule aliyewahi kufanya shahada ya uzamili atacheka mpaka alie. Na vichimbakazi wadogo wa pale wamechorwa vizuri kuliko wakubwa. Kuna mmoja, Poe, anaishi mtini na anaoka mikate, na biashara anayofanya na Emily ni somo la jinsi ya kujadiliana bei bila kumkosea mtu heshima.

Kina ndugu zake wawili pia, wa 2024 na 2025, hadithi imefika mwisho. Hakuna kungoja.

Mkalamaka

Nyambura, kitabu kitamu, nakubali. Ila mwenye mada ameomba historia ya kweli. Ljosland, nchi yenye kijiji hicho, haipo kwenye ramani. Mwandishi ametunga nchi ya kaskazini yenye harufu ya Iceland ili asibanwe na mtu.

Na hilo la Cambridge ndilo kubwa zaidi. Mwaka 1909 wanawake walisoma pale na kufanya mitihani, lakini chuo hakikuwapa shahada kamili hadi 1948. Profesa wa kwanza mwanamke, Dorothy Garrod wa akiolojia, alipata kiti mwaka 1939. Emily anatembea na cheo chake kana kwamba mlango ulikuwa wazi siku zote. Ni haki ya mwandishi kutunga, tena dunia ile ina somo zima la vichimbakazi chuoni, kwa hiyo si dunia yetu. Lakini mimi naona kapoteza dhahabu. Mwanamke anayejua kuliko wote na kunyimwa karatasi, akikutana na viumbe wanaoheshimu neno kuliko karatasi? Hiyo ndiyo riwaya ningeisoma kwa kukesha.

Nyambura_K

Mkalamaka, wewe ungekatalia hata sungura wa kwenye ngano kwa sababu sungura hasemi. Lakini la shahada umenishika, sitabisha.

Bi_Mkunazini

Wanangu, orodha yenu yote imezaliwa juzi. Ongezeni *The Perilous Gard* cha Elizabeth Marie Pope, cha mwaka 1974. Kiliandikwa kwa vijana na mwaka 1975 kilipata heshima ya Newbery, ile tuzo ya Marekani ya vitabu vya watoto, lakini nimekisoma mtu mzima na bado nakirudia.

Ni mwaka 1558, Malkia Mary Tudor bado yuko kwenye kiti, na mdogo wake Elizabeth anaishi Hatfield akichungwa. Kate Sutton ni msichana wa nyumba ya Elizabeth, mrefu, mgumu wa mikono, mkali wa akili. Mdogo wake, mrembo asiyejua kunyamaza, anamwandikia malkia barua ya malalamiko, na anayeadhibiwa ni Kate. Anapelekwa kwenye ngome ya mbali Derbyshire. Pale kuna bwana mwenye nyumba aliyefiwa na mke na kupotelewa na binti mdogo, na ndugu yake Christopher anayejilaumu kwa kupotea kwa mtoto huyo. Na chini ya kilima kuna watu.

Sasa sikilizeni uzuri wake. Watu hao wanaweza kuwa vichimbakazi, na wanaweza kuwa mabaki ya dini ya kale waliojificha mapangoni ukristo ulipoingia. Mwandishi hakulazimishi uchague. Wana malkia mwenye vazi la kijani, wana adabu, na kila miaka saba wanatoa zaka ya binadamu. Wanaowatumikia chini huko hunyweshwa kitu cha kuwalegeza wasione giza lilivyo. Kate anakataa kunywa. Anataka kuona kila kitu kama kilivyo, hata uzito wa mawe juu ya kichwa chake.

Na mapenzi? Christopher yuko kwenye chumba chake gizani akiandaliwa kuwa zaka. Kate anamwendea kwa siri kuongea naye. Wanazungumza nini? Shamba! Lile shamba lililochakaa analotamani kulifufua, maji yatatolewaje, ng'ombe watakaa wapi. Hakuna anayesema nakupenda. Mwanamume anakaribia kufa na wao wanabishana kuhusu mitaro. Nimesoma mabusu mengi katika umri wangu na hakuna lililonifikia kama ile mitaro.

Mwl_Kisiwani

Shikamoo Bi Mkunazini. Nimekuwa nikisubiri mtu akitaje.

Niongeze chanzo chake, maana ukikijua utaona vitabu hivi vyote ni jamaa. Kuna utenzi wa Scotland uitwao Tam Lin. Francis James Child aliuweka namba 39 kwenye mkusanyo wake mkubwa wa karne ya 19, lakini jina lake tayari linatajwa kwenye kitabu cha mwaka 1549. Janet anaenda msitu wa Carterhaugh, karibu na Selkirk, ingawa wasichana wamekatazwa. Anapata mimba ya Tam Lin, binadamu aliyetekwa na malkia wa vichimbakazi. Anaambiwa: usiku wa kuamkia sikukuu ya watakatifu wote watapita na farasi, nivute nishuke, unishike. Watanigeuza nyoka, watanigeuza mnyama mkali, watanigeuza chuma cha moto. Usiniachie.

Na Janet hamwachii. Kwenye hadithi nyingi za zama hizo mwanamke ndiye anayengojea kuokolewa. Hapa ana mimba, yuko njia panda usiku wa manane, na ndiye anayeshika. Pope aliuchukua mfupa huo akauvalisha nguo za 1558.

BintiMtendeni

Bi Mkunazini, shikamoo. Mitaro imenimaliza. Lakini swali kabla sijatoa hela: vitabu hivi vina moto kiasi gani? Nasoma kwenye daladala, abiria wa pembeni huwa wanasoma pamoja nami.

Mpiga_Zumari

😂 Soma kwa amani. Half a Soul ni ya mikono na macho, heshima tupu. Emily Wilde vivyo hivyo. Perilous Gard ni ya vijana. Clarke wapenzi wake ni mtu na mkewe, na wanatumia muda mwingi kutafutana.

Anayetaka vitanda kuna zile za siku hizi za mabwana wenye mabawa, lakini zile hazina historia, falme zake zimetungwa mwanzo mwisho. Katikati kipo *Thomas the Rhymer* cha Ellen Kushner (1990). Mwimbaji wa Scotland anachukuliwa na malkia wa vichimbakazi miaka saba, na huko hawachezi bao. Anarudi na ulimi usioweza kusema uongo, kwa mchumba aliyemwacha bila kuaga. Kinasimuliwa na watu wanne kwa zamu, na sehemu ya mwisho, ya mke, ndiyo bora. Kilipata tuzo ya World Fantasy. Kwenye daladala funika jalada.

Dokta_Mkwezi

Nimefuatilia kimya, naona *Sorcerer to the Crown* amebaki kama mtoto wa kambo.

Zacharias Wythe ni mtu mweusi aliyenunuliwa akiwa mtoto, akatenganishwa na wazazi wake, akalelewa na mchawi mkuu wa Uingereza na hatimaye akarithi cheo chake. Wazungu wa chama cha wachawi hawamtaki, wanamlaumu hata kwa uchawi wa nchi kupungua, kwa hiyo anaenda mpakani mwa nchi ya vichimbakazi kutafuta sababu. Njiani anampata Prunella Gentleman, binti mwenye asili ya India aliyelelewa kwenye shule inayofundisha wasichana kuzima uchawi wao. Yeye shida yake ni kwenda London kupata mume, na ana nguvu kuliko wanaume wote wa chama.

Zen Cho ni Mmalaysia anayeishi Uingereza, na anachekesha kwa kisu. Kuna mchawi bibi kizee kutoka visiwa vya kusini mashariki ya Asia ambaye kila anapoingia chumbani maafisa wa serikali wanatamani kutoka. Lakini niwe mkweli: mapenzi ni membamba. Zacharias na Prunella wanapendana pembeni, huku kazi ikiendelea. Na vichimbakazi wake ni wa vichekesho zaidi ya wa hofu.

Mkiweka kitabu hiki kando ya cha Clarke mtaona kitu. Kwa Clarke yupo Stephen Black, mkuu wa watumishi wa Sir Walter. Mama yake alikuwa mtumwa, alimzaa melini akafa. Yule kichimbakazi mwenye nywele za sufi anampenda Stephen, kwa namna yake ya kuchukiza. Anamletea zawadi, anamwapia atamfanya mfalme, na kila usiku anamburuta kwenye dansi bila kumwuliza. Hadithi inaanza 1806, mwaka mmoja kabla Bunge la Uingereza halijapiga marufuku biashara ya watumwa, na utumwa wenyewe kwenye makoloni ulingoja sheria ya 1833. Kwa hiyo Stephen mchana ni mtumishi wa bwana mpole, usiku ni mateka wa bwana anayemwita rafiki. Wote wawili hawajui jina alilopewa na mama yake, na kutafutwa kwa jina hilo ni moja ya sehemu nzuri kuliko zote nilizosoma kwenye fantasia ya Kiingereza.

Mnaliita penzi la mchawi Strange na mkewe Arabella ndiyo mapenzi ya kitabu. Mimi naona ile hadithi ya pendo la bure, la kiumbe anayedhani kumpenda mtu ni kummiliki, ndiyo uti wa mgongo. Jini mahaba mtupu, Mla_Senene.

Mla_Senene

Sasa hapo mmenipata. Kuna tamthilia yake?

Dokta_Mkwezi

Ya kitabu cha Clarke ipo, BBC 2015, sehemu saba. Imejitahidi sana. Na kama macho yamechoka, kitabu cha kusikiliza kipo, zaidi ya saa 30. Safari ya basi ya Dar hadi Bukoba unafika na hujamaliza.

Mkalamaka

Neno moja kwa anayetaka kusoma Emily Wilde kama kitabu cha baridi na chai tu. Kuna nyumba mle kijijini ina mtoto wa kubadilishwa, wazazi wanaishi na kiumbe asiye wao. Hofu hiyo haikuwa ya vitabuni. Machi 1895, Ballyvadlea, Tipperary, Michael Cleary alimchoma moto mkewe Bridget akidai si mkewe, ni kichimbakazi aliyewekwa badala yake. Alifungwa kwa kuua bila kukusudia. Miaka 14 tu kabla ya mwaka ambao Emily anaandika shajara yake. Fawcett analigusa jambo hilo kwa huruma, na ni kurasa zilizofanya nimheshimu pamoja na maneno yangu yote ya Cambridge.

Nyambura_K

Asante, Mkalamaka. Nilijua una moyo.

BintiMtendeni

Wakuu, nimeamua, na msinipigie kelele. Nanunua *The Perilous Gard*. Nimeomba historia ya kweli, mwaka upo. Nimeomba vichimbakazi wenye bei, zaka ipo. Mapenzi ni mitaro, sawa, nitayapokea hivyo hivyo. Clarke namweka likizo ya Desemba maana kurasa zake zinanitisha, na Emily namsoma siku nikiwa na mafua.

Zen Cho nimempenda kwa maelezo ya Dokta lakini kwa ninachokitafuta sasa hivi ananipita. Half a Soul ningeianza leo kama ingekuwa na giza zaidi kidogo. Au nakosea? Mpiga_Zumari, ina giza?

Mpiga_Zumari

Ina watoto wa nyumba za maskini wanaolala usingizi na hawaamki, na mabwana wanaojadili jambo hilo katikati ya dansi. Giza lipo, ila limewashiwa taa.

Na kama hutaki mabibi wa dansi, mwandishi huyo huyo ana *Ten Thousand Stitches*. Mhusika ni Effie, mfanyakazi wa ndani aliyempenda kijana wa familia ya mabosi. Anaingia mkataba na Lord Blackthorn, kichimbakazi anayetaka kuwa mwema na hajui wema unafanywaje. Malipo ni kudarizi koti lake mishono elfu kumi. Hasira ya wafanyakazi wa ile nyumba ndiyo inayoendesha kitabu, mabosi hawasalimiki.

Bi_Mkunazini

Hicho cha mfanyakazi wa ndani sijakisoma. Kinasimama chenyewe au lazima nianze na cha Dora?

Mpiga_Zumari

Kinasimama chenyewe, bibi. Mhusika mkuu ni mwingine kabisa.